Whistler na Maji ya Usiku

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa pwani, na mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa jinsi maji yanavyobadilika baada ya jua kutua. Mchana bahari ina rangi hata huwezi kuzihesabu. Ikishapita magharibi rangi hizo huanza kutoweka moja baada ya moja. Nyekundu ya vigae vya mapaa huzimika mapema, kijani cha mikoko hufuata, na baada ya isha hubaki buluu nzito, weusi wa vyombo vilivyotia nanga, na mwanga wa taa mbili tatu unaoteremka majini kama nyuzi. Mabaharia wetu wameyaona hayo maisha yao yote. Kuyachora ni kazi nyingine kabisa, na waliojaribu wanajua kuwa kila ukiongeza rangi, usiku nao huzidi kukukimbia.

Leo nataka kumzungumzia mchoraji mmoja aliyeishughulikia kazi hiyo mpaka akaiweza, nayo ikamponza. Jina lake ni James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi Uingereza na kufia huko mwaka wa 1903. Huenda mmeiona ile picha yake ya mama mzee aliyekaa kitini, kaelekea upande, kavaa nguo nyeusi. Imechapishwa pahali pengi, hata kwenye stempu za Marekani za mwaka wa 1934. Mama yule ni mamake mzazi. Lakini mimi si hiyo ninayoitaka. Ninazozitaka ni picha zake za mto Thames wakati wa usiku, zilizochorwa kwa rangi chache sana hata baadhi ya wakubwa wa zama zake wakasema kuwa hizo si picha, ni upuuzi.

Alizaliwa mwezi wa Julai mwaka wa 1834 katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Babake alikuwa mhandisi wa reli, na sifa zake zilifika mbali hata akaitwa Urusi kusimamia reli ya kutoka St Petersburg mpaka Moscow. Basi mtoto alipelekwa huko mwaka wa 1843, na kabla hajatimiza miaka 12 akaingizwa katika chuo cha sanaa cha kifalme kujifunza kuchora. Mwaka wa 1849 babake akafariki baada ya kuugua kipindupindu, na mama akarudi Marekani na wanawe. Kijana akatiwa katika chuo cha kijeshi cha West Point mwaka wa 1851. Huko alikuwa mbele ya wenzake katika uchoraji na nyuma yao katika mengi mengine, na mwaka wa 1854 somo la kemia likamtoa.

Kazi yake ya kwanza ya mshahara ilikuwa katika idara ya serikali iliyopima pwani za Marekani na kuchora ramani zake. Hakukaa sana, alikuwa mchelewaji, na mabamba ya kazi aliyajaza vichwa vya watu visivyohusika na ramani. Lakini hapo ndipo alipofunzwa kuchora kwa sindano juu ya bamba la shaba. Mimi hupenda kulikumbuka jambo hili, kwamba mtu aliyekuja kuwa bingwa wa ukingo wa maji alianza kwa kulipwa achore mstari wa pwani.

Mwaka wa 1855, akiwa na miaka 21, akenda Paris na hakurudi tena kwao. Paris alipata mambo mawili yaliyomfaa baadaye. La kwanza alilipata kwa mwalimu wake Charles Gleyre, aliyefundisha kuwa nyeusi ndiyo inayozipatanisha rangi nyingine zote, na kwamba mchoraji azitengeneze rangi zake kwenye kibao mpaka zikamilike, ndipo aiguse turubai. Nyeusi hiyo iliitwa nyeusi ya pembe, kwa sababu asili yake ilipatikana kwa kuchoma vipande vya pembe za ndovu, ingawa baadaye mifupa ya kawaida ilishika mahali pake. Sisi wa upande huu twajua pembe nyingi za karne ile zilipakiwa katika bandari zipi.

Jambo la pili lilimfikia kwa mzunguko. Palikuwa na mwalimu mwingine huko Paris, Lecoq de Boisbaudran, aliyewazoeza wanafunzi wake kuchora kwa kumbukumbu: kitu waliangalie, kiondolewe, kisha wakichore. Whistler hakusoma kwake, lakini rafiki zake wawili wa karibu, Henri Fantin-Latour na Alphonse Legros, walikuwa wanafunzi wake, na elimu hiyo ikapita baina ya marafiki kama inavyopita elimu nyingi.

Alihamia London mwaka wa 1859 na moja kwa moja akaangukia mtoni. Alikaa Wapping na Rotherhithe, kwenye magati na maghala, akachora kwa sindano mabaharia, mabohari, kamba, milingoti na matanga. Michoro hiyo ni mizuri, nami sithubutu kuidharau. Kila ubao umehesabiwa, kila kamba imefuatwa mpaka mwisho wake. Ni kazi ya jicho lisilotaka kuacha kitu. Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu ndiye aliyekuja kuacha karibu kila kitu.

Mwaka wa 1863 akahamia Chelsea, mbele ya mto wenyewe. Jirani yake alikuwa fundi wa mashua aitwaye Charles Greaves, ambaye zamani alikuwa akimpigia makasia mchoraji mkubwa Turner. Vijana wake wawili, Walter na Henry, wakawa wapiga makasia wa Whistler. Wao walimfundisha mto na makasia, naye akawafundisha kuchora.

Katika mwaka wa 1866 alifunga safari mpaka Valparaiso, bandari ya Chile, wakati nchi hiyo ikiwa vitani na Hispania. Tarehe 31 mwezi wa Machi manowari za Kihispania ziliupiga mji kwa mizinga, naye yupo. Lakini alichokileta kutoka huko si moto wala majeruhi. Alileta picha za merikebu zimetulia juu ya maji wakati wa magharibi, na bandari usiku, kila kitu kimezama katika buluu na kijani kilichofifia. Hapo ndipo penye mbegu ya kazi yake kubwa. Na katika safari ya kurudi, nisiwafiche, alimshambulia abiria mwenzake kwa sababu tu mtu yule alikuwa mweusi, na nahodha akamfungia chumbani mwake. Alikuwa mtu wa ugomvi, mwenye kiburi, na katika jambo la rangi ya watu alikuwa na ujinga wa watu wengi wa tabaka lake. Nimelitaja kwa sababu anayemsifu mtu kwa mikono yake hana ruhusa ya kuyaficha ya ulimi wake.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Katika mwaka wa 1867 alimwandikia Fantin-Latour akijuta kwamba alikuwa ameingia katika kazi na msingi dhaifu, na kwamba kuiga vitu kama vilivyo hakukumfikisha alikotaka. Alichora akakwangua, akachora akakwangua. Wakati huo huo alikuwa akikusanya picha za Kijapani zilizochapishwa kwa mbao, za mafundi kama Hiroshige, ambamo daraja refu hukatwa na ukingo wa karatasi bila ya haya, na anga lote likawa ni buluu moja inayokolea juu na kufifia chini. Humo aliona kuwa nafasi tupu si uvivu.

Kisha mwezi wa Agosti mwaka wa 1871, jioni moja, alirudi kutoka mtoni na kuichora Chelsea kama alivyoiona kutoka ng'ambo, mamake akiwa karibu anamtazama. Maji, ukingo wa mbali, mnara wa kanisa, taa chache na vivuli vyake, na mbele mtu mmoja tu asiyeonekana vyema. Ndiyo ya kwanza ya zile picha za London alizokuja kuziita nokturni. Jina hilo alipewa na Frederick Leyland, tajiri wa meli wa Liverpool aliyependa muziki. Ni jina la utungo laini wa kupigwa usiku. Whistler alilipenda kwa kuwa lilimwepushia swali la watu wanaotaka kila picha iwe na hadithi.

Sasa nieleze alivyokuwa akifanya, kwani hapa ndipo penye elimu. Usiku ulipoingia alitoka na vijana wa Greaves katika mashua, mara nyingine mpaka karibu na alfajiri. Hakuchukua rangi. Alichukua karatasi ya kahawia na chaki, akaweka alama chache gizani. Kilichobaki alikitia kichwani. Thomas Way, kijana wa mpiga chapa wake, alisimulia baadaye jinsi walivyokuwa wakitembea kando ya mto usiku, na Whistler akasimama ghafla kuiangalia sehemu moja kwa muda, kisha akaipa mgongo na kuanza kuisoma kwa sauti kama mtoto anayesoma somo alilolihifadhi: anga liko hivi, ukingo unapita hapa, taa ziko ngapi na ipi iko juu ya ipi. Akikosea, mwenzake humrekebisha, naye hugeuka akaangalia tena. Akiisha kuisoma bila ya kosa, huaga akenda kulala.

Kesho yake ndipo kazi ya mikono ilipoanza. Alichanganya rangi kwa wingi kabla ya kuanza, moja ya anga, moja ya maji, moja ya ukingo, akazipatanisha kwanza zenyewe kwa zenyewe. Kubwa katika hizo lilikuwa buluu, nyeusi na nyeupe, na kidogo cha manjano kwa taa. Alizilainisha kwa mafuta na tapentaini mpaka zikawa nyepesi za kumwagika, naye mwenyewe akiziita mchuzi. Turubai alikuwa ameshaipaka rangi ya chini iliyokolea, mara kijivu, mara nyekundu ya mti wa mahogani, ili usiku uwe tayari umo ndani kabla ya brashi kupita. Kwa kuwa mchuzi hutiririka, mara nyingine ilibidi turubai ilazwe sakafuni. Kisha kwa brashi pana alipitisha anga kwa mikono mirefu kutoka upande huu hadi huu, na maji vivyo hivyo. Daraja na mashua vilifuata kwa miguso michache rangi ikiwa bado mbichi. Taa ilikuwa ni nukta moja. Ikiwa picha haikutimia siku ile, hakukaa akairekebisha kipande kipande. Aliifuta yote akaanza upya. Zilizotimia zilianikwa bustanini zikauke juani.

Zoezi la kuipa mandhari mgongo ninalipenda, na nimelifanya mara nyingi kule Mombasa, kwenye ukingo wa Bandari ya Kale, pamoja na rafiki yangu mmoja, nahodha mstaafu. Halihitaji hata senti moja. Unaitazama ng'ambo ya Kisauni baada ya magharibi kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, unageuka, unamwambia mwenzako ulichokiona. Nahodha hajui brashi, lakini macho yake ni ya kutisha. Yeye ndiye aliyenionyesha kuwa anga la usiku huwa jeupe kuliko maji, na maji huwa meupe kuliko nchi kavu, na kwamba kwa tofauti hizo tatu alikuwa akiujua mlango wa bandari hata bila ya mwezi. Tofauti hizo tatu ndizo nokturni nzima. Mwenye kuzipata kwa kipimo chake sawasawa anaweza kuchora kwa makaa na chokaa na maji yakaonekana ni maji. Na asiyezipata, hata apewe sanduku zima la rangi kutoka Ulaya, atatoa kitambaa cha leso.

Wala jambo la kutosheka na kichache si geni kwetu. Mafundi wa Lamu na Pate walichonga zidaka za chokaa nyeupe juu ya ukuta mweupe, bila ya rangi yoyote, wakaiachia kazi nuru na kivuli. Waandishi wa misahafu walikuwa na wino mweusi, na mwekundu kidogo. Wazee wetu waliojizuia na sura za viumbe waliuelekeza ustadi wao huko, na sijaona aliyesema kuwa kazi zao zilikuwa nusu.

London lakini walisema. Mwaka wa 1877 Whistler alionyesha nokturni kadhaa katika ukumbi wa Grosvenor. Moja ilikuwa ya fataki zikianguka usiku katika bustani ya Cremorne, kando ya Thames: giza la moshi, vichembe vya dhahabu vinashuka, na mbele watu wachache kama vivuli. Bei aliitaka gini 200, na gini moja ni pauni na shilingi. John Ruskin, mhakiki aliyekuwa na nguvu kupita wote, akaandika katika jarida lake kwamba bei hiyo ni ufidhuli, na mwenye picha ni kama mtu anayewamwagia watu rangi machoni kisha akadai malipo. Ruskin huyu ndiye aliyejipatia jina kwa kumtetea Turner dhidi ya watu waliosema maneno ya namna hiyo hiyo. Wanunuzi wa Whistler, ambao hawakuwa wengi, wakaanza kurudi nyuma. Akaenda mahakamani kudai fidia ya pauni 1,000.

Kesi ilisikizwa tarehe 25 na 26 mwezi wa Novemba mwaka wa 1878. Ruskin hakuhudhuria, alikuwa mgonjwa. Nokturni ya daraja la zamani la Battersea ilipoletwa, jaji mwenyewe akataka kujua kama vile vidoa vya juu vilikusudiwa kuwa watu. Wakili wa Ruskin, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akamwuliza Whistler ile picha ya fataki ilimchukua muda gani. Akajibu, siku mbili. Wakili akauliza kama ni kazi ya siku mbili anayoitakia gini 200. Whistler akasema hapana, anaitaka kwa elimu aliyoipata katika umri wake wote.

Nikilifikiria jibu hilo naona halikuwa la majivuno, ingawa majivuno alikuwa nayo ya kutosha. Lilikuwa hesabu. Ndani ya siku mbili zile mlikuwa na St Petersburg, na bamba la ramani ya pwani, na nyeusi ya Gleyre, na kumbukumbu ya Lecoq, na Valparaiso, na miaka minne ya kukwangua, na kila usiku aliokaa mashuani kwenye baridi. Lakini mahakama hupima kinachoonekana mezani, na mezani palionekana buluu na nyeusi. Mchoraji Edward Burne-Jones, aliyekuja kumtolea ushahidi Ruskin, aliusifu ustadi wa rangi na hali ya hewa katika kazi za mwenzake, kisha akasema hazikumalizika.

Jopo la baraza likaamua kuwa Whistler alikashifiwa, na fidia yake ni robo ya peni moja, sarafu ndogo kuliko zote. Gharama za kesi kila upande ujilipie. Za Ruskin marafiki zake walizichangia zikesha. Whistler hakuchangiwa hivyo. Kwa haki, kesi peke yake siyo iliyommaliza: alikuwa mfujaji, alikuwa amejijengea nyumba mpya ya fahari barabara ya Tite, na alikuwa ameshagombana na Leyland, mlezi wake mkubwa, juu ya malipo ya kukipamba chumba chake cha kulia. Lakini kesi ndiyo iliyoufunga mlango. Mwezi wa Mei mwaka wa 1879 akatangazwa muflisi, na nyumba ikauzwa.

Akiwa na miaka 45 na hana pa kulala pake, akatumwa Venice na kampuni moja ya London akachore mabamba 12 ya shaba. Alitarajiwa kukaa miezi mitatu. Akakaa zaidi ya mwaka, pamoja na majira ya baridi yaliyomtesa vidole. Alirudi na mabamba kama 50 na michoro ya chaki za rangi ipatayo 100. Hii michoro ya chaki ndiyo inayonishangaza. Aliifanya juu ya karatasi ya kahawia, ile ile ya usiku wa Thames, na sehemu kubwa ya karatasi aliiacha kama ilivyo. Kahawia hiyo ikawa ukuta, ikawa jua la jioni, ikawa tope la mfereji. Mikwaruzo michache ya buluu ikafanya maji. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alikuwa bado na la kuacha. Ilipoonyeshwa London mwaka wa 1881 watu waliinunua.

Baadaye heshima ilikuja, tena kwa haraka. Serikali ya Ufaransa iliinunua picha ya mamake mwaka wa 1891. Mwaka uliofuata ile picha ya fataki iliuzwa kwa gini 800. Leo iko katika makumbusho ya Detroit. Yeye mwenyewe alifariki Chelsea tarehe 17 mwezi wa Julai mwaka wa 1903, mkewe akiwa ametangulia miaka saba, na akazikwa Chiswick, si mbali na mto.

Nokturni ya daraja la Battersea ilipopelekwa mnadani mwaka wa 1886 watu waliizomea. Mwaka wa 1905 ilinunuliwa kwa pauni 2,000 ikawa mali ya taifa la Uingereza, na daraja lenyewe la mbao lilikuwa limekwisha kuvunjwa zamani. Walter Greaves, mpiga makasia, ambaye Whistler alimtupa alipopata marafiki wengine, alizidi kuchora mto ule ule na kuuza picha zake kwa bei ya chini. Mwaka wa 1911 London iligundua kazi yake kwa ghafla, ikamsifu, kisha ukazuka ubishi kama kweli ni yake, na sifa zikakatika. Alifariki mwaka wa 1930 akiwa mkazi wa Charterhouse, nyumba ya kuwatunza wazee wasiojiweza.